Kulinganisha Mapigo Si Kuchanganya Nyimbo

Kijana anayetaka kuwa DJ leo hupewa ushauri mmoja kabla hata hajagusa mashine. Nunua kontrola ndogo, iunganishe na kompyuta, jaza nyimbo, na ukitaka kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine bonyeza kitufe kilichoandikwa SYNC. Mapigo yatakaa sawa yenyewe. Kulinganisha kwa sikio, anaambiwa, kulikuwa kazi ya wazee wa santuri, na anayeendelea kukufundisha anampotezea mwanafunzi muda. Maneno haya utayasikia kwa wauzaji wa vifaa, kwa walimu wa kozi fupi na kwa ma-DJ wenye majina makubwa. Mimi nasema ni ushauri mbaya, na anayeumizwa nao zaidi ni huyo huyo anayeanza.

Niuweke kwanza kwa nguvu zake zote, maana wanaoutoa si wajinga. Wanasema hivi: Francis Grasso alipokuwa akiunganisha santuri mbili bila kuacha pengo katika klabu ya Sanctuary jijini New York, karibu na mwaka 1970, alikuwa anapambana na uduni wa vifaa vya wakati wake. Mwaka 1979 Technics ikatoa SL-1200MK2, yenye injini inayozungusha sahani moja kwa moja na kisukumio cha kupandisha au kushusha kasi kwa asilimia 8, na kazi ikawa nyepesi. Mwaka 2001 Pioneer ikaleta CDJ-1000, kazi ikawa nyepesi zaidi. Mwaka 2012 CDJ-2000 nexus ikaja na kitufe cha kulinganisha mapigo, ambacho programu za kompyuta zilikuwa nacho tayari. Kila hatua imempunguzia DJ kazi ya mikono, na hii ni hatua moja zaidi. Richie Hawtin, mmoja wa vigogo wa tekno, ameitetea teknolojia hii kwa miaka mingi. Naye deadmau5, mtayarishaji wa Kanada, aliandika mwaka huo huo wa 2012 kwamba kulinganisha mapigo hakukuona kama ustadi hata kidogo, kwa kuwa ni kujua kuhesabu hadi nne.

Msimamo huo unasimama juu ya hoja nne: kwamba kompyuta ni sahihi kuliko sikio, kwamba nyimbo za elektroniki zina kasi isiyobadilika, hivyo kasi ikilingana kazi imekwisha, kwamba muda unaookolewa utakwenda kwenye ubunifu, na kwamba wachezaji hawajui tofauti. Nitazipitia zote, ingawa hazistahili urefu sawa.

Hoja ya kwanza: kompyuta ni sahihi kuliko sikio

Sahihi katika nini? Programu huchambua faili, ikatafuta mahali sauti inapopanda ghafla, kisha ikachora mistari inayokisia pigo liko wapi. Ukibonyeza kitufe, inapanga mistari ya wimbo huu juu ya mistari ya ule. Mistari ikiwa imekosewa, kosa hilo nalo litapangwa kwa usahihi mkubwa.

Na hukosewa. Disko ya miaka ya 1970, ambayo house ya Chicago ilizaliwa kwayo, ilipigwa na wapiga ngoma wenye mikono miwili, na kasi yao inapanda kwenye kiitikio na kulegea kwenye ubeti. Ndivyo ilivyo kwa rumba ya Kinshasa, kwa zilipendwa za Dar es Salaam na kwa taarab ya Unguja. DJ wa kwetu anayepiga muziki wa elektroniki hawezi kuziepuka nyimbo hizi, kwa sababu usiku wa Dar au Mombasa hauendeshwi na aina moja ya muziki. Ukija kwenye singeli, inayokimbia kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika, mara nyingi programu huusoma wimbo wa mapigo 220 kama wa 110. Drum and bass ya mapigo 174 nayo husomwa 87.

Wenye hoja hujibu kwamba mistari inaweza kurekebishwa kwa mkono. Ni kweli. Lakini anayeirekebisha ni lazima asikie pigo la kwanza liko wapi, asikie wimbo unaanza kukimbia kutoka wapi, na ajue kwamba 110 aliyoandikiwa ni nusu ya ukweli. Kwa hiyo ili kitufe kifanye kazi, mtumiaji anatakiwa kuwa na ustadi ule ule alioambiwa hauhitaji. Bado sijasikia mtetezi yeyote wa kitufe akilijibu hili.

Hoja ya pili: kasi ikilingana, kazi imekwisha

Hapa ndipo penye upotoshaji mkubwa, na hapa nitakaa.

Chukua nyimbo mbili za house zilizotengenezwa kwa kompyuta, zote mapigo 128 kwa dakika, mistari yake kamili. Bonyeza kitufe. Zitagonga pamoja bila kuachana hata kwa unywele, na bado zinaweza kutoa kelele ya kuudhi. Sababu ni kwamba wimbo wa kuchezea umejengwa kwa mafungu. Mapigo manne hufanya hesabu moja kamili. Hesabu nane kama hizo hufanya fungu la mapigo 32, na kila mtayarishaji huweka mabadiliko yake mwanzoni mwa fungu: toazi linaingia, besi inaanza, sauti inakatika, ngoma inarudi. Kwa kasi ya 128, fungu moja huchukua sekunde 15 kamili. Mwili wa mchezaji unalijua fungu hilo kabla akili yake haijaligundua. Ndiyo maana watu huinua mikono kabla ngoma haijarudi.

Sasa tuseme wimbo unaotoka umebakiza mafungu mawili kabla ya besi yake kuondoka, na wimbo unaoingia una utangulizi wa mafungu mawili, ngoma na matoazi tu. Ukiuanzisha kwenye pigo la kwanza la fungu, sekunde 30 baadaye besi ya zamani itaondoka na ya mpya itaingia katika nukta ile ile. Watayarishaji wawili ambao pengine hawajawahi kuonana watasikika kama wamepanga pamoja. Ukichelewa kwa mapigo 8, mapigo yatalingana vilevile lakini kila tukio litaangukia mahali pasipo pake: sauti ya mwimbaji mpya inaingia juu ya mwimbaji wa zamani ambaye hajamaliza sentensi, ngoma inakatika huku watu wakingoja irudi. Kitufe kitaonyesha taa ya kijani muda wote huo.

Frankie Knuckles alipokuwa akipiga Warehouse, Chicago, kuanzia mwaka 1977, alikata na kuunganisha upya nyimbo za disko kwenye kanda ili kurefusha vipande alivyovihitaji. Mtu anayekata kanda kwa wembe ni lazima ajue fungu linaanzia wapi. Maarifa hayo ya umbo la wimbo ndiyo yaliyomwezesha kushikilia ukumbi usiku kucha, na hayapatikani kwenye namba ya kasi.

Kisha ipo besi. Ngoma za chini mbili zikigonga pamoja, moja kati ya mambo mawili hutokea. Mawimbi yakipanda pamoja, nguvu huongezeka. Yakifanana kabisa, ongezeko ni desibeli 6, na miksa ambayo tayari ilikuwa karibu na taa nyekundu inaanza kukwaruza. Mawimbi yakipishana, yanafutana. Ngoma yenye mtetemo wa mara 50 kwa sekunde humaliza wimbi moja kwa milisekunde 20, kwa hiyo kupishana kwa milisekunde 10 tu kunatosha kuipokonya sakafu uzito wake. Milisekunde 10 huzioni kwenye skrini ya kontrola. Kwa sikio utasikia ngoma imekuwa nyembamba ghafla, ikiwa sikio lako limezoeshwa kulisaka jambo hilo.

Dawa yake ni ya kale na haina siri. Kabla wimbo mpya haujasikika nje, teremsha kifundo chake cha besi. Sikiliza kwenye hedifoni kama kiwango chake cha sauti kinalingana na cha wimbo unaosikika, na ukirekebishe pale pale, si baada ya kuufungulia kwa watu. Ingiza matoazi na sauti za kati polepole katika fungu moja au mawili. Fungu jipya likianza, kwenye pigo la kwanza, shusha besi ya zamani kwa mkono mmoja huku mwingine ukipandisha mpya. Kubadilishana huku ndiko wachezaji wanakosikia kama ulaini. Kunaweza kufanyika hata nyimbo zikiwa zimepishana kidogo, kwa kuwa kila wakati ngoma ya chini inayosikika ni moja. Wimbo uliolinganishwa kwa kompyuta na kuachwa na besi zote mbili kwa dakika nzima utasikika kama fujo. Basi kama unapaswa kuchagua jambo moja la kumfundisha anayeanza katika juma lake la kwanza, kwa nini lisiwe hili?

Kuhusu ufunguo wa muziki nitasema machache. Programu huandika ufunguo wa kila wimbo, nyingine kwa namba 1 hadi 12 zilizopangwa kwa duara, na wanaoanza hushauriwa kuhama kwa namba jirani tu. Ni msaada wa kweli. Ila ukipandisha kasi ya wimbo kwa karibu asilimia 6 bila kufunga ufunguo, umeuhamisha kwa nusu toni, na namba uliyoandikiwa si yake tena. Ukiufunga, kompyuta inavuta sauti kwa nguvu na mwimbaji anaanza kutetemeka. Kwa vyovyote vile, uamuzi unabaki kwa anayesikiliza.

Hoja ya tatu: muda unaookolewa utakwenda kwenye ubunifu

Hii ni nzuri kwa Hawtin. Alikuwa amelinganisha santuri kwa mikono kwa miaka kabla kompyuta haijampokea kazi hiyo. Masikio yake yalikwisha kujengwa, na kitufe kilimwachia nafasi ya kufanya mengine nayo. Kumpa anayeanza ushauri uliomfaa mtu huyo ni kumpa matokeo na kumnyima njia iliyoyazaa.

Kulinganisha kwa mkono ni zoezi la kusikia sauti mbili kwa wakati mmoja na kuzitenganisha kichwani. Una wimbo mmoja ukumbini na mwingine kwenye hedifoni. Unajiuliza upi umetangulia. Mwanzoni hujui, unasikia vurugu tu. Baada ya muda unaacha kusikiliza ngoma nzito, ambazo zinamezana, na unaanza kufuata matoazi, kwa sababu toazi lina sauti fupi na kali inayofichua haraka nani yuko mbele. Unagusa gurudumu kidogo, unasikia zikikutana, unasubiri uone kama zitaachana tena. Nyimbo zilizotofautiana kwa sehemu moja ya kumi ya pigo kwa dakika, mathalani 125.0 na 125.1, huachana kwa takriban milisekunde 48 kila dakika. Mwenye sikio lililofunzwa huisikia tofauti hiyo ikianza na kuirudisha kabla mtu yeyote ukumbini hajaihisi.

Uwezo huo huo wa kutenganisha sauti mbili ndio unaokuambia kwamba besi zinagombana. Ndio unaosikia waimbaji wawili wakikaribia kugongana, ufunguo ukisuguana, wimbo mpya ukiwa hafifu kuliko wa zamani. Anayeanza akiondolewa zoezi hili, ameondolewa shule ambamo hayo mengine yote hufundishwa. Gharama yake haionekani mwezi wa kwanza, kwa kuwa mwezi wa kwanza aliyebonyeza kitufe husikika vizuri kuliko mwenzake anayehangaika. Huonekana mwaka wa pili, anapokuwa na mpito mmoja tu anaoujua, anaurudia usiku mzima, na hawezi kueleza kwa nini wimbo fulani haukukaa.

Na huo muda uliookolewa unakwenda wapi? Nenda ukaangalie. Kwa wanaoanza wengi unakwenda kwenye skrini. Macho yamegandishwa kwenye mawimbi ya rangi, mkono uko kwenye kifundo cha mwangwi. Mwangwi na kichujio vinapigwa juu ya kila mpito ili kuficha mahali nyimbo mbili zisipopatana. Ukumbi uko mbele ya kijana huyo naye hauangalii, wala hajui kwamba kundi la upande wa kushoto limekaa chini tangu nyimbo tatu zilizopita.

Ipo gharama nyingine ambayo kwetu ni nzito. Kitufe kinapenda nyimbo zinazokaribiana kasi. Mtu anayekitegemea hujifunza haraka kuchagua nyimbo kwa namba, na usiku wake unabanwa ndani ya mapigo matatu au manne: 124 hadi 127 kuanzia saa nne hadi alfajiri. Anaacha kutafuta njia ya kutoka amapiano kwenda singeli, ilhali njia ipo. Amapiano ya mapigo 112 ikizidishwa mara mbili ni 224, ndani ya uwanja wa singeli. Lakini fungu la mapigo 32 huchukua takriban sekunde 17 kwenye amapiano na sekunde 8 na nusu kwenye singeli, hivyo katika muda wa fungu moja la kwanza yanapita mawili ya pili. Anayehesabu ataingiza singeli mwanzoni mwa fungu la amapiano, bila besi, na atajua anayo mafungu mawili ya haraka kabla ya kubadilisha. Anayetegemea taa ya kijani atalinganishiwa mapigo, kisha atashangaa mbona kila kitu kinatokea mapema.

Hoja ya nne: wachezaji hawajui tofauti

Haya ni matusi kwa wachezaji, na zaidi ya hayo yanaipinga hoja ya kwanza. Huwezi kusema kwamba usahihi ni muhimu kiasi cha kukabidhiwa kompyuta, kisha ukasema hakuna anayeusikia. Mchezaji hatakuambia kwamba fungu limevunjika au kwamba kuna desibeli zimezidi. Ataenda kununua soda. Mama aliyekuwa katikati ya uwanja kwenye harusi atarudi kitini kwake, na wenzake watamfuata. Hayo ni majibu kamili, na DJ anayeinua kichwa huyasoma papo hapo.

Lile ambalo ushauri huu haulitaji

Kitufe hufanya kazi pale mashine zote mbili zinapozungumza lugha moja: deki mbili za kontrola moja, au mashine zilizounganishwa kwa waya na nyimbo zilizochambuliwa mapema. Chumbani kwako hali ni hiyo kila siku, lakini kazini mara nyingi sivyo. Unafika, DJ aliyekutangulia bado anapiga kwa kompyuta yake, na wimbo wake wa mwisho unapita kwenye miksa kwa chaneli ambayo kompyuta yako haiioni. Hakuna cha kubonyeza. Unatakiwa kusikia kasi yake, kuitafuta kwa kisukumio, kuhesabu fungu na kuingia. Asiyeweza huzima muziki wa mwenzake, akaacha kimya, kisha akaanza upya mbele ya watu waliokuwa wanacheza.

Halafu kuna spika. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Kwenye shughuli za uwanjani DJ mara nyingi huwekwa pembeni, spika kubwa zikiwa mbali naye na spika ya kumsikilizisha yeye mwenyewe haipo. Zikiwa umbali wa mita 15, sauti yake inamfikia ikiwa imechelewa kwa milisekunde 44, huku hedifoni zikimpa wimbo mpya bila kuchelewa. Akilinganisha hedifoni na spika, atalinganisha vibaya. Anayelijua hili huomba spika ndogo karibu naye, na akinyimwa husikiliza nyimbo zote mbili ndani ya hedifoni kwa kifundo cha kuchanganya. Aliyekuzwa na kitufe hupata shida kubwa zaidi, kwa kuwa anasikia kupishana ambako hakupo, anajaribu kukusahihisha, na anaharibu kilichokuwa sawa.

Sidai kitufe kifutwe kwenye mashine. Aliyekwisha kujua kulinganisha akitumie apendavyo. Wala simtaki anayeanza anunue santuri na Technics, vitu ambavyo bei yake inawafungia nje vijana wengi wa Temeke na wa Eastlands. Kontrola ya bei ndogo kabisa ina kisukumio cha kasi, gurudumu, vifundo vitatu vya sauti na tundu la hedifoni, na hivyo vinatosha. Aanze na wimbo ule ule kwenye deki zote mbili, kasi ile ile, ajizoeze kuuanzisha kwenye pigo la kwanza hadi sauti mbili zisikike kama moja. Kisha asogeze kisukumio cha deki ya pili bila kuangalia, afunike namba na mawimbi ya skrini kwa karatasi, na aurudishe wimbo kwa sikio. Akishaweza, achukue nyimbo mbili tofauti zisizo na waimbaji. Ajirekodi kila mara, na asikilize kesho yake, akiwa na kalamu, akiandika fungu lilipovunjika na besi zilipogombana. Kozi yoyote inayochukua ada ya kijana bila kumpitisha hapa inapaswa kumweleza, kabla hajalipa, ni nini atakachokuwa hajui siku ya kwanza atakapopokea miksa kutoka kwa DJ mwingine.